Nilivyomtafutia mama mkwe kaseti ya flash ya gemu yake ya zamani, mpaka kuku akawa mkalimani

Wakuu, heshima kwenu. Mlio kazini, mlio kitandani na mnaosoma huku mboga inaungua jikoni, wote nawasalimu kutoka Utemini, Singida.

Kuna wakati nilianzisha uzi humu nikiuliza wapi naweza kupata kaseti ya flash ya bei nafuu kwa gemu ya mkononi ya zamani. Mlinisaidia sana, mlinicheka pia, halafu nikapotea. Kuna mdau hajanipa raha inbox, kila akiingia anauliza "mkuu iliishaje?"

Leo nimekaa nieleze. Yote ni kweli tupu, na pale patakapochekesha mjue sijaongeza chumvi. Ndivyo nyumba yangu ilivyo.

Kwa wasioyajua haya mambo: zile mashine ndogo za gemu za zamani unachomeka kaseti kwa nyuma, na kila kaseti ina gemu yake. Kaseti original siku hizi ni adimu, na bei zake mtandaoni ningeuza tenga zima la kuku na bado ningeambiwa niongeze nauli ya mzigo.

Kaseti ya flash ni kaseti tupu yenye tundu la memori kadi. Gemu unaziweka kwenye memori kadi, unachomeka, na mashine inaipokea kama kaseti yake ya siku zote. Ukipata nzuri moja, umemaliza.

Sasa mtajiuliza, mfanyabiashara wa kuku wa kienyeji na kaseti za gemu wapi na wapi. Mashine si yangu.

Ni ya mama mkwe wangu.

Ndiyo, mama mkwe. Tulieni nieleze.

Nitamwita bibi Pendo, maana Pendo ndiye binti yangu, bado mchanga. Kwao ni Kilimatinde, kule juu kilimani ukitokea Manyoni. Alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini miaka mingi, na zamu za usiku ndizo zilikuwa zake. Kuna nesi mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba wake alimwachia ile mashine na kaseti moja, ile gemu ya matofali yanayoshuka, unayapanga yasijae mpaka juu. Bibi akawa anacheza kimya kimya, sauti ameizima, ili usingizi usimwibe wagonjwa wakimhitaji.

Akastaafu nayo. Baba mkwe alipofariki akabaki yeye, nyumba na ile mashine. Mtoto wake wa kiume, shemeji yangu Yona, anafanya kazi reli. Leo yuko Itigi, kesho sijui wapi, nyumbani anapita tu.

Siku moja bibi akateleza kwenye ngazi za nyuma ya nyumba akiwa na ndoo ya maji. Mashine ilikuwa mfukoni mwa gauni. Nyonga ikavunjika. Mashine ilichubuka tu, lakini kaseti ilipasuka.

Jirani ndiye aliyemkuta, tena kwa kuchelewa. Hapo mke wangu mpaka leo akipakumbuka anaacha anachofanya.

Alifanyiwa operesheni, akawekewa chuma, akaletwa kwetu Utemini na magongo yake. Tulifurahi. Tukajua amekuja kukaa.

Lakini mzee wa watu akaanza kunyauka mbele ya macho yetu. Anakula vijiko viwili anasema ameshiba. Anashinda barazani ameangalia ukuta wa jirani. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote, sasa analetewa hata maji ya kunawa. Siku moja nikamsikia anamwambia mtoto, "Pendo, bibi yako hapa ni mzigo tu. Alizeti ikishavunwa, mjomba wako Yona aje anirudishe kwangu."

Kwake ndiyo kule kule kwenye zile ngazi. Peke yake, na magongo.

Mke wangu alimsihi akachoka. Bibi si mtu wa kubishana. Anakuitikia vizuri, halafu anaendelea kukunja nguo zake kwenye begi.

Sasa hapa lazima niwaeleze kuhusu ukwe, la sivyo hamtanielewa.

Mimi ni Mnyaturu wa Ihanja, mke wangu Mgogo. Makabila mawili, ila kwa namna mimi na yeye tulivyolelewa, kwenye suala la mama mkwe ni kama tulikaa darasa moja. Chumba anacholala huingii. Macho humkazii. Kitu humpi mkono kwa mkono, unakiweka mahali naye anakichukua. Na maneno yenu yapitie kwa mtu.

Najua humu kuna watu wanakula sahani moja na mama mkwe na kutaniana naye. Hongereni. Mimi nikijaribu hivyo, baba yangu atapanda gari kutoka Ihanja kuja kuniuliza nimekula nini.

Mke wangu ni fundi cherehani, kibanda chake kiko barabarani, anakuja nyumbani kunyonyesha na kurudi. Kwa hiyo mchana mimi niko uani na matenga yangu ya kuku, bibi yuko barazani na mtoto. Mkalimani wetu akawa Pendo, ambaye hata kukaa alikuwa anaegemezwa mito.

"Pendo, mwambie bibi shikamoo."

"Pendo, mwambie baba yako marahaba, kuku wameamkaje?"

Pendo ananyonya kidole. Ujumbe umefika.

Na ni kwa Pendo huyo huyo nilikojua habari ya kaseti. Bibi alikuwa anambembeleza, nikasikia, "Nyonga nimewekewa chuma. Kaseti yangu nani ataiwekea chuma?" Alisema kama utani, halafu akageukia tena ukuta wa jirani.

Wakuu, ile kauli ilinikaa. Nikaona kumbe kuna kitu kimoja huyu mama anakitaka duniani, na hakuna aliyemuuliza.

Najua mtasema "si ungempa simu acheze humo." Nilifikiri hivyo pia, nimwekee gemu ya matofali kwenye simu. Kwanza vidole vyake vimekauka kwa miaka ya sabuni na dawa za kusafishia sakafu, kioo cha simu hakimsikii. Anagusa, haiendi. Anakandamiza, inafungua kitu kingine. Pili, matangazo. Katikati ya mchezo likaja tangazo la mkopo, bibi akaamini amekopa. Aliiweka ile simu chini kama anaweka kaa la moto na hakuigusa tena. Mke wangu alimwelewesha siku nzima kwamba hadaiwi na mtu.

Yeye anataka vitufe. Kitufe unakibonyeza unakisikia.

Basi nikaanza kutafuta. Nilizunguka kwa mafundi simu wote hapa mjini. Mmoja akanionyesha zile gemu za plastiki za sokoni, mwingine akaniuliza nina watoto wangapi. Mtandaoni original bei ya kukimbiza. Ndipo nikaja humu, mkanifundisha habari za kaseti za flash, kwamba zipo za kuiga kutoka China ambazo bei yake mtu wa kawaida anaiweza, ila niwe makini.

Na swali lenu la kwanza lilikuwa la maana: mashine ni toleo gani?

Wakuu, sikuwahi kuiona. Inakaa chini ya mto wake, ndani ya chumba nisichoingia.

Nikamwomba mke wangu apige picha. Akaenda, akarudi na picha. Sasa bibi aliposikia picha inakwenda kwa mkwe wake, akaona haiwezekani mkwe aone shuka lake na magoti yake. Akaifunika mashine kwa khanga pande zote, akaacha kioo na vitufe tu vinachungulia. Picha niliyoiweka humu ndiyo ile. Kuna mdau akaandika "mkuu hii mashine imevaa hijabu?" Nilicheka lakini nilishindwa kueleza.

Mkaniuliza: inakunjwa katikati? Ina vitufe vya juu pembeni?

Kwenye picha kioo kiko juu, vitufe chini. Ile ya kukunjwa niliyoiona kwenye video ilikuwa hivyo hivyo, kioo juu, vitufe chini. Nikaona kumhoji mama mkwe kuhusu kitu anacholala nacho kitandani ni kuvuka mpaka. Mke wangu naye nikamwona amechoka. Nikajibu kwa kujiamini kabisa: ndiyo, inakunjwa.

Nikaagiza.

Mteja wangu wa kuku Dar, anaitwa Salumu, ndiye aliyenipokelea mzigo. Utaratibu wetu ni huu: mimi napakia kuku kwenye matenga, yanapanda basi, yeye anapokea, matenga matupu yanarudi na basi linalofuata. Chochote ninachohitaji kutoka Dar anakifunga ndani ya tenga tupu. Betri, dawa za kuku, viatu vya mke wangu, vyote vimewahi kufika Singida vikinuka banda.

Kaseti ikafika. Nikaifuta, nikaweka memori kadi, nikamkabidhi mke wangu ampelekee. Nikabaki uani nimetega masikio kama mwizi.

Mke wangu akatoka. "Haiingii," akasema. "Inaishia nusu, inakwama. Halafu baba Pendo, nani alikwambia hii kitu inakunjwa?"

Nilitamani nijifunike kwa tenga.

Mashine ya bibi ilikuwa toleo la nyuma kabisa, kipande kimoja, kaseti zake ni ndefu zaidi. Niliyonunua ni ya kizazi kilichofuata. Kwa wanaonunua: kaseti za zamani zinaingia kwenye ile ya kukunjwa, lakini za ile ya kukunjwa haziingii kwenye za zamani. Mlinionya. Nimekubali.

Kilichoniuma si kaseti. Kilichoniuma ni sauti ya bibi kutoka barazani, ya upole kabisa: "Pendo, mwambie baba yako asihangaike. Amefanya vizuri. Alizeti nayo imeshakauka shambani."

Maana yake Yona yuko njiani.

Nilikaa na kuku wangu nikajisikia vibaya sana. Mama wa watu alikuwa ameanza kutumaini, na mimi nikamletea tumaini lisiloingia kwenye tundu lake.

Kesho yake asubuhi nikakuta kigoda kimewekwa kwenye mlango wa baraza, upande wangu. Juu yake kuna kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri, kama vile vya hospitali. Bibi ameangalia pembeni.

"Pendo," akasema, "mwambie baba yako hiyo ndiyo iliyopasuka. Aipime."

Nikafungua. Ni ile kaseti, ina ufa, na kipande kilichomeguka nacho kakihifadhi. Tangu Kilimatinde, hospitali, operesheni, mpaka Utemini, alikuwa nayo.

Jamani, kwa mila zetu, mama mkwe kunitolea kitu chake cha chini ya mto ni hatua kubwa. Nilipiga magoti kukichukua, kama napokea mahari.

Nikaipiga picha mbele na nyuma, kando yake nimeweka kiberiti mpate kujua ukubwa. Nikaileta humu. Mlinijibu kabla chai haijapoa. Mkanionyesha kaseti ya flash inayofaa, mkaniambia nikimbie zile za "gemu mia moja ndani ya moja" zisizo na tundu la memori kadi, na nisikubali muuzaji ambaye hawezi kunitumia video ikiwaka. Salumu akazunguka Kariakoo mpaka akampata kijana mwenye moja iliyotumika kidogo, bei ya kibinadamu. Video ikatumwa, inawaka. Ikafungwa ndani ya tenga.

Ilifika siku ambayo mke wangu alikuwa amempeleka Pendo kliniki kupimwa uzito.

Hamjaelewa. Mkalimani hayupo.

Nikaweka gemu ya matofali kwenye memori kadi, na nyingine chache ambazo watu wanazitengeneza siku hizi na kuzigawa bure. Nikaweka kaseti juu ya kigoda, nikakohoa, nikarudi uani kuwapa kuku maji. Nikasikia magongo. Nikasikia kigoda kimeguswa. Nikasikia klik, imeingia yote.

Halafu ule mlio wake wa kuwaka. Nimeufahamu siku hiyo tu, lakini nilitaka kurukaruka.

Halafu nikasubiri mlio wa matofali, haukuja.

Nikakumbuka. Kaseti ya flash haiendi moja kwa moja kwenye gemu. Inaanza na menyu, majina yamepangwa kwa Kiingereza. Bibi amezoea kuwasha na matofali kushuka. Sasa anaona maneno, na hakuna wa kumwambia kitu. Mimi niko hatua chache tu kutoka kwake na siwezi kufungua mdomo.

Kuna kuku mmoja jike, mweusi, ambaye simuuzi kwa sababu anataga vizuri. Alikuwa anadonadona karibu na baraza.

Bibi akasema, "We kuku."

Kuku akainua kichwa.

"Mwambie mwenye nyumba hapa kuna maneno mengi. Matofali siyaoni."

Wakuu, naapa. Nilijikaza nisicheke mpaka machozi yakanitoka. Nikamgeukia kuku kwa adabu zote.

"Kuku, mwambie bibi abonyeze kile kitufe cha msalaba upande wa chini, mpaka alama ifike kwenye jina la tatu. Halafu kitufe cha kulia."

Klik. Klik.

"Kuku, mwambie kioo kimekuwa cheusi chote."

"Kuku, mwambie asubiri kidogo, inapakia."

Na hapo kuku akaona tumemchosha. Akageuka, akaenda zake nyuma ya choo.

Tukabaki wawili. Mimi nimeangalia ndoo ya maji. Yeye sijui alikuwa anaangalia nini.

"Kuku ameondoka," bibi akasema.

Nimjibu kupitia nani?

Kisha nikamsikia anacheka. Tangu aletwe kwetu sikuwahi kumsikia akicheka. Kicheko chembamba, cha msichana, mpaka anashika nyonga. Na nyuma ya kicheko, mlio wa matofali yanashuka.

"Baba Pendo," akaniita. Yeye mwenyewe, moja kwa moja. "Acha hiyo ndoo. Sogea hapo kwenye ngazi."

Nikasogea. Nikakaa nikiwa nimempa ubavu, macho kwenye ukuta wa jirani. Alicheza mpaka akashindwa, akaweka mashine juu ya kigoda katikati yetu.

"Zamu yako."

Nikacheza. Nilishindwa upesi, mpaka aibu. Nikairudisha kwenye kigoda. Akaichukua. Hatukugusana mikono, hatukutazamana usoni, ukwe ukabaki pale pale. Lakini mke wangu aliporudi na Pendo alisimama getini akatuangalia. Nikamwona anapangusa macho kwa mtandio.

Jioni ile bibi aliomba aongezewe ugali.

Yona alikuja Jumamosi, amevaa viatu vya safari, amekodi na bajaji ya kuwapeleka stendi. Begi la bibi lilikuwa tayari mlangoni. Mimi nilijificha kwenye banda la kuku, siwezi kuangalia mtu akiondoka.

Nikamsikia bibi anasema, "Yona, hilo begi lifungue, nguo zirudishwe ndani. Begi lenyewe nenda nalo."

"Nalo likiwa tupu, mama?"

"Likiwa tupu. Kalijaze vilivyobaki kule, uniletee. Na redio. Na funguo mwachie jirani aliyeniokota, aweke kuku wake mle."

Yona alitafuta mtu wa kumweleza kinachoendelea. Akanikuta bandani natokwa na machozi mbele ya kuku. Nikamwambia ni vumbi la pumba.

Basi wakuu, ndivyo ilivyoisha.

Kwa mwenye kutafuta kaseti: usiagize kwa kukisia. Itoe kaseti ya zamani hata kama imekufa, ipige picha pande zote na kiberiti kando, uliza wanaojua. Angalia tundu la memori kadi lipo. Dai video. Na ukimnunulia mzee, mwonyeshe menyu kwanza, au uwe na kuku.

La pili sijui kama ni funzo au ni majuto tu. Tulimpa bibi dawa, chakula, kitanda kizuri, tukashangaa anataka kuondoka. Kumbe hakutaka kuhudumiwa tu, alitaka na kitu cha kufanya, na mtu wa kumshinda. Na ananishinda, jamani. Kila siku.

Ile kaseti niliyokosea bado ninayo. Kama kuna mdau ana mashine ya kukunjwa na hana uwezo, anifuate inbox. Nitaiweka ndani ya tenga, ataipata bure, ila asinilaumu kwa harufu.

Na nyie ambao mnaishi na wakwe, mnazungumzaje nao? Andikeni hapo chini, nitasoma zote. Kujibu mtanisubiri kidogo, maana naitwa barazani.

Ni zamu yangu.